Ubalozi unaripoti nini, na nani anausahihisha?

Shangazi yangu alikuwa anakaanga samaki Makorora, hapa Tanga, na mimi nikiwa darasa la tano kazi yangu kila asubuhi kabla ya shule ni kupanda baiskeli mpaka Deep Sea, soko la samaki la ufukweni, kuangalia ngalawa zimerudi na nini. Maagizo yenyewe yalikuwa maneno mawili tu: "Kaangalie samaki." Basi naenda, naangalia, narudi nahema, namwambia shangazi samaki wapo. Wa aina gani? Wengi. Mnada umeanzia bei gani? Sikusikia. Wachuuzi wa Moshi washafika? Sikuwaona, nilikuwa naangalia samaki si ndo ulivyoniambia. Hapo napigwa kofi la kisogo, kesho yake tena "kaangalie samaki", na mimi tena "samaki wapo".

Mpaka siku moja akachoka, akanikalisha kwenye kigoda akanitajia vitu vitatu: fungu la changu limeanzia bei gani, ngalawa ngapi bado ziko nje, na lile gari la barafu la wachuuzi wa Moshi lipo au halipo. Toka siku hiyo nikawa narudi na habari za maana. Mtoto yule yule, baiskeli ile ile, ufukwe ule ule.

Nimeikumbuka hii juzi kwenye kahawa, Ngamiani barabara ya 12, watu wanabishana kuhusu mabalozi. Mmoja anasema mabalozi wote ni majasusi tu wamevalishwa suti, mwenzake anasema majasusi wapi, wale wanakula bata na kupokea viongozi eapoti. Babu muuza kahawa alikuwa kimya muda wote anakung'uta vikombe vyake, afu akauliza swali moja tu: sasa hao waliowatuma wanajuaje kama wanaletewa habari au wanaletewa porojo? Hakuna aliyejibu, watu wakahamia kwenye mpira. Ila swali ndo lenyewe, na serikali kubwa duniani zimelihangaikia miaka mingi, zingine zimeumia nalo vibaya, kwa hiyo ngoja nilijibu hapa taratibu.

Kwanza hili la ujasusi. Kuna Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 unaohusu uhusiano wa kidiplomasia, na kifungu chake cha 3 kinataja kazi za ubalozi: kuiwakilisha nchi, kulinda maslahi yake na ya raia wake, kujadiliana na serikali mwenyeji, kukuza uhusiano, na katikati ya hizo ipo moja ambayo watu wengi hawaijui, kufahamu hali na mambo yanavyoenda katika nchi mwenyeji kwa njia zote zilizo halali na kuripoti nyumbani. Kwa hiyo kuripoti si siri wala si uhuni, ni kazi iliyoandikwa kwenye mkataba na kila nchi inajua mwenzake anaifanya. Utata uko kwenye hilo neno halali. Kusoma magazeti yao, kukaa bungeni kwao, kula chakula cha usiku na mbunge wa upinzani, kwenda mikoani kuongea na wakulima na matajiri, hiyo halali. Kumhonga karani akutolee faili, hiyo sio. Na kweli zipo balozi ambazo ndani ya jengo lile lile kuna mtu kadi yake inasema katibu wa pili ila bosi wake halisi hayupo wizara ya mambo ya nje, na mwenyeji mara nyingi anamjua, anamtazama tu, akichoka anatumia kifungu cha 9 ambacho kinamruhusu kumtangaza mtu hatakiwi bila kutoa sababu yoyote. Mtu anafunga mabegi.

Kwa hiyo tukisema mahitaji ya kiintelijensia ya serikali usifikirie bastola na miwani myeusi. Ni yale mambo ambayo serikali lazima iyajue ili iamue kitu, na ambayo huwezi kuyapata kwa kusikiliza redio peke yake, au unayapata redioni ila unahitaji mtu aliyepo pale akwambie hii maana yake ni nini. Sehemu kubwa ya hayo yanaletwa na maafisa wa kawaida kabisa wa ubalozi, wa siasa, wa uchumi, mwambata wa jeshi, siyo na huyo mwenye kadi ya uongo.

Sasa tathmini, yaani kupima kama ubalozi unaleta habari zinazotakiwa. Inatakiwa ianze na orodha ya maswali, na hapa ndipo pagumu kuliko pote maana viongozi hawapendi kuandika wanachotaka kujua. Waingereza wana kamati ya pamoja ya intelijensia tangu 1936, ambayo kwa miaka mingi imekuwa inahusika na kupanga nini kitafutwe kwanza. Wamarekani toka 2003 wana mfumo wa vipaumbele, kila nchi na kila mada inapewa uzito wake, hii namba moja hii namba tatu, na orodha inagawiwa kwa wote: wenye setilaiti, wanaonasa mawasiliano, majasusi wenyewe, na balozi pia zinaletewa fungu lao. Bila orodha hiyo anayekagua hana cha kukagulia, atabaki kuangalia kama ripoti imeandikwa vizuri na tarehe ipo.

Orodha ikiwepo, wakaguzi wanachukua ripoti za ubalozi za muda fulani wanazimwaga mezani na kuanza kulinganisha. Hili tuliuliza, limejibiwa? Limejibiwa kabla ya uamuzi au baada? Limetoka kwa nani, maana unaweza kukuta ripoti mia nzuri kabisa ila ukizichungulia themanini zimetoka kwa mawaziri wawili na mhariri mmoja anayependa vinywaji vya ubalozini. Kuna lolote humu ambalo tusingelipata kwa njia rahisi zaidi? Afu wanawageukia wasomaji kule makao makuu, wachambuzi na maafisa wa dawati, hii uliisoma? Uliitumia? Na mwisho wanaangalia watu na muda: ubalozi una maafisa wangapi, wanaojua lugha ya pale wangapi, na wiki yao inaisha kwenye kuripoti au kwenye kusindikiza wageni na kutafuta pasi ya mtu aliyeibiwa begi.

Mtego wa kwanza ni kuhesabu. Ukisema ubalozi bora ni ulioleta ripoti nyingi, utaletewa nyingi, hata kikao cha ufunguzi wa semina kitapata kurasa nne. Mtego wa pili ni kuwauliza wasomaji kama wameridhika, kwa sababu msomaji anaridhika na kile anachokubaliana nacho. Na mtego wa tatu ni kunogewa. Sie Tanga tunaitwa waja leo waondoka leo, ila balozi anakaa miaka mitatu minne, anazoeana na watu wa ikulu ya pale, anaalikwa harusi, na pole pole anaanza kuwaelezea kwao kama wanavyojieleza wenyewe. Ukimhamisha haraka hajaujua mji, ukimwacha kanogewa. Dawa ya hili sijaiona popote, kuna kupunguza tu.

Mfano mkubwa kuliko yote wa haya mambo ni Tehran, mji mkuu wa Iran, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu tathmini yenyewe ilikuwepo, ilifanyika, na ndo inayouma.

Mwaka 1976 jumuiya ya intelijensia ya Marekani ilifanya tathmini ya namna hii hii kuhusu ripoti zinazotoka kwenye ubalozi wao Iran, na jibu kwa ufupi lilikuwa kwamba kwa mada nyingi kazi inaridhisha sana. Ukiwa mkaguzi utaelewa kwa nini. Maswali yaliyokuwa mbele yao yalihusu mafuta, silaha ambazo Shah, mfalme wa Iran, alikuwa ananunua kwa mabilioni, mitambo ya kuwasikiliza Warusi kaskazini ya nchi, na nini kipo kichwani mwa Shah mwenyewe. Ubalozi ulikuwa na majibu. Unaingia ikulu, unamwona Shah, unaandika. Vema kabisa.

Swali ambalo halikupewa uzito ni lile la kitoto: je, huyu bwana atakuwepo? Wakati huo huo kanda za kaseti za Khomeini, kiongozi wa dini aliyempinga Shah, zinazunguka misikitini na masokoni, mtu anazidurufu nyumbani, na ndani ya ubalozi maafisa wanaokijua Kiajemi cha kukaa na watu wakaongea ni wachache mno, na kukutana na wapinzani kulikuwa kunaonekana ni kumuudhi Shah bure. Agosti 1978 CIA, shirika la ujasusi la Marekani, ikaandika kwamba Iran haiko kwenye hali ya mapinduzi wala hata hali inayotangulia mapinduzi. Novemba 9 mwaka huo huo balozi William Sullivan akatuma waraka wa kusema sasa ni wakati wa kulifikiria lile lisilofikirika, yaani kwamba Shah anaweza kuondoka. Siku mbili baadaye Rais Carter akawaandikia wasaidizi wake wakuu wa mambo ya nje, usalama na CIA kwa mkono wake kwamba haridhiki na ubora wa taarifa zao za kisiasa. Januari 16, 1979 Shah akapanda ndege. Novemba 4 wanafunzi wakauvamia ubalozi, na Wamarekani 52 wakakaa mateka siku 444, na zile nyaraka zilizokuwa zimechanwa kwa mashine wanafunzi wakakaa chini wakaziunga ukanda kwa ukanda na kuzichapisha, majuzuu kwa majuzuu. Ni tathmini kali kuliko zote, ripoti zako kusomwa na dunia nzima.

Watu wengi wakisimulia hii wanaishia kusema wanadiplomasia walilala. Mi naona si haki. Kamati ya intelijensia ya bunge la Marekani ilichunguza mapema 1979 na ikagundua jambo ambalo kwa maoni yangu ndo kiini cha mada nzima: wale wanaotumia taarifa hawakuwa wanauliza kama utawala wa Shah utadumu, kwa sababu sera yote ilijengwa juu ya imani kwamba utadumu. Hapo unaona tathmini ya 1976 ilidanganywa na nini. Walipima majibu dhidi ya maswali yaliyopo, majibu yakapata maksi, na hakuna aliyepewa kazi ya kuyapima maswali yenyewe. Mwanafunzi kapata tisini kwenye mtihani wa somo lisilokuwepo.

Waingereza nao walikuwepo Tehran na nao walikosea, ila wao baadaye walifanya kitu cha kiungwana, wakampa afisa wao Nicholas Browne kazi ya kupitia mafaili yao wenyewe kuona wapi walipotea. Ripoti ikakaa kabatini miaka kama thelathini mpaka wakaitoa 2010. Balozi wao Sir Anthony Parsons alikuwa ameupanga ubalozi kwa ajili ya biashara, kusaidia makampuni ya kwao kuuza, maana ndicho London ilichokitaka, na wapinzani wakawa hawaguswi sana wasije wakamuudhi mteja. Yeye mwenyewe alikuja kukiri kwamba tatizo halikuwa kukosa taarifa, taarifa zilikuwepo, tatizo ni walivyozitafsiri.

Kuna upande wa pili wa shilingi, orodha ya maswali ikizidi. Julai 31, 2009 wizara ya mambo ya nje ya Marekani, chini ya jina la Hillary Clinton aliyekuwa waziri, ilipeleka kwa wanadiplomasia wake orodha ya mambo yanayohitajika kuhusu Umoja wa Mataifa, na ilipovuja kupitia WikiLeaks, mtandao unaochapisha nyaraka za siri, mwishoni mwa 2010 pamoja na nyaraka nyingine zaidi ya 250,000, watu wakasoma kwamba mabwana hao walikuwa wanaombwa wakusanye mpaka namba za kadi za benki za maafisa, namba zao za wasafiri wa mara kwa mara kwenye mashirika ya ndege, na alama za mwili. Orodha ilitokana na watu wa intelijensia, wizara iliipitisha. Serikali yao ikajitetea kwamba wanadiplomasia wao si majasusi, sawa, ila fikiria wewe ni afisa wa siasa uliyekaa miaka ukijenga uaminifu na wenzako, kesho yake mtu anakukaribisha chai huku ameshika pochi yake vizuri. Hakuna fomu ya tathmini yenye kisanduku cha milango iliyofungwa baada ya hapo. Inapaswa kuwepo.

Na usidhani ni mambo ya mbali. Pwani hii hii, Novemba 1884, Mjerumani Carl Peters na wenzake walitua Zanzibar kwa majina ya kujificha, wakavuka mpaka Saadani, hapo kusini mwa Pangani, wakaingia bara kutia watu sahihi kwenye mikataba Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami, wakatokea Bagamoyo katikati ya Desemba. Zanzibar alikuwepo John Kirk, mwakilishi wa Uingereza aliyekuwa pale tangu 1866, mtu anayejua nani kaingia na jahazi gani, na waya wa telegrafu ulikuwa umeshafika kisiwani 1879 kwa hiyo kisingizio cha barua kuchelewa hakuna. Jambo lilimpita. Februari 27, 1885 Berlin ikatoa hati ya kuyaweka maeneo hayo chini ya ulinzi wake, Sultani Barghash akalalamika, na Kirk alipotaka London isimame na Sultani akaambiwa asiwabughudhi Wajerumani, London ina mahesabu yake mengine huko Misri. Sasa umpe Kirk maksi ngapi? Kwa kuchelewa kujua, apate chini. Kwa alichoshauri baada ya kujua, waliomtuma hawakukihitaji, na hiyo nusu ya pili haiwezi kuwa kosa la ubalozi.

Tuje kwetu. Sera yetu ya mambo ya nje ya 2001, na toleo lake la 2024 lililozinduliwa 2025, imeweka diplomasia ya uchumi mbele, balozi zetu zinatakiwa kutuletea masoko, mitaji na watalii. Usalama wa Taifa wana sheria yao ya 1996, hiyo ni nyumba nyingine. CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, anakagua balozi na ripoti zake zinatoka hadharani, ila CAG kwa kiasi kikubwa anafuata fedha, majengo, mali na risiti. Ripoti ya ubalozi kuhusu soko la nje ilikuwa na faida gani kwa aliyeisoma, hilo ni la wizara yenyewe na linahitaji mtu wa kuliuliza.

Chukua bomba la mafuta ghafi, kilomita 1,443 kutoka Hoima mpaka Chongoleani, ukivuka tu ghuba yetu hapa. TPDC, shirika letu la mafuta, ina asilimia 15. Septemba 2022 Bunge la Ulaya likapitisha azimio kali dhidi ya mradi, na hapa Tanga watu tulilisikia redioni kama wengine wote. Kwa mradi wa namna hiyo ubalozi wa Brussels ukipewa agizo la "fuatilieni Umoja wa Ulaya" utaleta samaki wapo. Agizo la kazi lingekuwa: wabunge gani wanaandaa nini, hoja yao ni mazingira au ni fidia za watu waliohamishwa, benki zipi zinawasikiliza, na tarehe ya kura ni lini. Ripoti ya miezi mitatu kabla ya kura ni dhahabu. Ripoti ya siku moja baada ya kura, hata iwe na kurasa ishirini na mhuri wa siri, ni gazeti la jana. Mkaguzi anayejua kazi yake anaanza na tarehe juu ya karatasi kabla hajasoma hata mstari.

Na mkonge je? Miaka ya 1960 mwanzoni tulikuwa tunazalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, huku Ulaya na Marekani kamba za plastiki zinaingia sokoni mwaka hadi mwaka. Waliokuwa wanauona mwisho wake mapema ni wanaokaa karibu na viwanda vya kamba vya huko. Mashamba ya njia ya Muheza mpaka Korogwe yaliyogeuka pori baadaye yangefaidika sana na mtu mmoja aliyeulizwa swali sahihi kwenye mji mmoja wa baridi.

Nilivyomsimulia Babu haya yote alinisikiliza mpaka mwisho afu akasema, na je akiulizwa sawasawa, akajibu sawasawa, mkubwa akakataa kusikia? Nikamwambia Babu hiyo imenikuta mwenyewe.

Ilikuwa Ijumaa. Nimefika Deep Sea alfajiri, gari la barafu la Moshi limeshapaki na wale jamaa wanahesabu hela, ngalawa nyingi bado hazijarudi, kibua tu ndo kinaonekana. Nikakanyaga baiskeli mpaka mnyororo ukataka kutoka, nikamwambia shangazi wahi sasa hivi leo changu wataisha. Akacheka, akasema Ijumaa Wachagga hawaji, miaka yote hawaji Ijumaa, we umeona gari la maji. Akamaliza kupiga pasi gauni lake, akafika saa mbili. Siku ile tulikaanga vibua mpaka magharibi, wateja wananung'unika. Jioni akanipa shilingi mia, akanivuta karibu, akasema usimwambie mjomba wako.